Mama aliuliza tu kama Sib iko mbali na Muscat

Mwaka jana mwezi wa sita tulikuwa tumekaa barazani nyumbani Tanga, Maghrib imeshapita, umeme umekatika, mdogo wangu anatupigia stori za jamaa yake aliyepata kazi Oman. Mama alikuwa anachambua mchele kwa tochi ya simu. Hakunyanyua hata uso, akauliza tu, "hivi Sib iko mbali na Muscat?" Mdogo wangu akasema hajui, maongezi yakaendelea, watu wakahamia kwenye habari nyingine. Mi lile swali likanikaa. Mama yangu si mtu wa kuomba kitu, tangu nimepata akili sijawahi kumsikia akisema nataka hiki au nipelekeni pale, ukimuuliza unataka nini mama anakwambia niombee uzima tu mwanangu. Muscat najua ni mji mkuu wa Oman, lakini mtu kama huyo jina la Sib amelitoa wapi?

Asubuhi yake nakuna nazi, yeye yuko kwenye jiko, nikamuuliza taratibu, ndo akaniambia. Ana shoga yake, wamekua pamoja mtaa wa Ngamiani hapa Tanga, nyumba zinatazamana, wamesoma chuo kimoja cha Kurani, wakitumwa dukani wanatumwa pamoja. Familia ya yule shoga ikahamia Oman mwaka 1975, mama akiwa na miaka 16. Sultani Qaboos alishika nchi 1970 na akawa anawaita watu wa asili ya Oman walioko nje warudi, wengi walitoka Unguja na Pemba na wengine huku pwani yetu. Tangu siku wale walipohama hawajaonana. Miaka ya karibuni wamepatana kwa wasapu na ndo wanatumiana zile voisi za dakika saba saba ambazo mi siku zote nilidhani ni za kikoba. Anakaa Sib.

Naandika hii kwasababu tangu tumerudi kutoka Muscat nilikowapeleka baba na mama watu wananiuliza nilipangaje, wengi wana wazee wao na wanataka kuwatoa japo siku nne tano lakini hawajui waanzie wapi. Nitasema nilivofanya, na pale palipoenda vibaya pia nitasema.

Kwanza mji wenyewe ulituletea ubishi wa mwezi mzima kwenye grupu la familia. Tuko wanne. Kaka mkubwa alitaka Dubai kwasababu anaenda kuchukua mizigo na njia anazijua. Mdogo wangu alitaka Istanbul, akatuma na picha, pazuri sana kwakweli, ila ule mji umekaa juu ya vilima, ngazi kila kona, na Januari kuna baridi mpaka theluji inaweza kudondoka, baba goti lake la kulia limeisha kabisa. Dada akasema kama hela ipo basi tuwapeleke Umra. Hiyo ilininyamazisha siku mbili maana ni hoja nzito. Lakini wazee walishahiji 2015, na Umra ni ibada, mtu unaenda kuchoka kwa ajili ya Mola wako na una haki ya kuchoka. Mi nilitaka mahali ambapo wakiamka asubuhi hawadaiwi kitu chochote na mtu yeyote. Nikawaambia swali la mama. Baada ya hapo hakuna aliyebisha.

Na ukiacha hilo la shoga yake, Muscat inawafaa wazee kwa sababu nyingine nyingi. Kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar, saa tano na kidogo uko angani basi. Saa zao zimetutangulia saa moja tu kwahiyo usingizi haupotei. Msikiti uko kila mahali, chakula huulizi mara mbili. Mji wenyewe umetulia, majumba meupe ya chini chini, milima upande mmoja bahari upande mwingine, hakuna yale maghorofa ya kumtisha mtu shingo. Alafu kuna hili la lugha. Kiswahili Muscat unakisikia, si cha kujifunza, cha nyumbani kabisa.

Baba ndo alikuwa kazi. Siku nilipomwambia akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "hizo hela bora mkaezeke lile banda la nyuma." Alafu, "na kuku?" Alafu, "tunaenda kufanya nini kwa watu?" Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi ya kusema mmetulea na mmechoka mpumzike, na nashukuru sikuyasema, maana baba ukimwambia amechoka ndo umeharibu. Baba amefundisha historia sekondari maisha yake yote ya kazi. Nikamwambia kule kuna ngome mbili zimejengwa na Wareno miaka ya 1580, zimekaa juu ya majabali mawili mlangoni mwa bandari ya zamani, moja Jalali moja Mirani. Akanyamaza. Akasema, "Muscat Wareno walitolewa 1650." Tukanyamaza wote. Akasema tena, "Mombasa mpaka 1698. Walizingirwa Fort Jesus karibu miaka mitatu. Nimefundisha hiyo kila mwaka." Akachukua kofia akaenda msikitini. Aliporudi akaniuliza tiketi zinakatwa lini.

Hela tulichanga. Kila mmoja laki mbili na nusu kwa mwezi, kuanzia wa saba mpaka wa kumi na mbili, ikatimia milioni sita kwa watu watatu, baba na mama na mimi wa kuwasindikiza. Dada alishika hela, mi nikashika daftari, na kila matumizi nilikuwa napiga picha risiti natuma kwenye grupu. Fanyeni hivo, hata kama mnapendana vipi.

Kilichotaka kutukwamisha ni pasi. Zile zao za Hija ni za zamani ambazo sasa hazitumiki, tangu 2018 tuna hizi za kielektroniki, kwahiyo tukaanza upya, 150,000 kila mtu. Ya baba haikusumbua. Ya mama, kumbe kwenye kitambulisho cha taifa jina lake limeandikwa na herufi H na kwenye cheti cha kuzaliwa hiyo H haipo. Miaka yote hiyo amekaa na H ya ziada hakuna aliyejali. Ofisi moja ikatutuma kwingine, kule wakaturudisha tulikotoka, mama anashuka bodaboda anapanda bodaboda, siku ya tatu akaniambia mwanangu nendeni nyie tu mimi nitawasikiliza kwenye simu. Nililia siku ile, niliingia chooni nikalia. Mwisho tukamaliza kwa kiapo cha wakili kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, jambo la dakika ishirini. Kama una mzee ambaye unafikiria kumsafirisha hata mwakani, leo hii chukua kitambulisho chake na cheti chake uviweke mezani usome herufi kwa herufi. Usisubiri tiketi. Maana tiketi nayo lazima ifanane na pasi, na viza ifanane na pasi, hiyo H ingetufuata mpaka mlangoni mwa ndege.

Tulipanga Januari. Huko kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa joto linapita nyuzi 40, mzee hawezi kutoka nje mchana. Januari mchana ni kama hapa kwetu asubuhi na mapema, usiku kunapoa kiasi mama alilala na sweta. Na Ramadhani ilikuwa inakuja Februari, tukataka tuwe tumerudi, mama ana maandalizi yake. Pia kumbuka wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, Ijumaa asubuhi mji umelala na maduka mengi yamefungwa, ukimpeleka mtu sokoni saa nne ya Ijumaa mnarudi na jua la bure.

Sasa mahali pa kulala. Hapa ndo nilitumia muda mwingi kuliko kitu kingine na sijutii. Muscat si mji wa duara kama ulivyozoea, ni mji mrefu umejinyoosha kati ya mlima na bahari, ukitoka Sib karibu na uwanja wa ndege mpaka Mutrah kwenye soko la zamani ni zaidi ya kilomita 30. Watu wengi wanapenda kulala Mutrah kwasababu ndo kwenye picha. Sisi tulichukua apatimenti Al Khuwair, katikati, hivyo pande zote mbili zinafikika na msikiti mkubwa uko jirani kwa teksi. Apatimenti badala ya hoteli kwasababu mama bila kupika chai yake ya alfajiri siku haianzi. Nikamwandikia mwenye nyumba maswali. Lifti ipo na inafanya kazi? Kutoka kwenye teksi mpaka lifti kuna ngazi ngapi? Na nikamuomba anirekodie video ya bafu. Akashangaa lakini akatuma. Nyumba mbili za mwanzo niliziacha kwasababu ya bafu tu, zilikuwa na lile hodhi refu ambalo lazima unyanyue mguu juu ndo uingie kuoga, sakafu ya vigae inang'aa, hamna hata pa kushika. Mzee anaanguka hapo. Ya tatu ilikuwa tambarare, maji yanamwagika chini, kuna bomba la mkono chooni, kiti cha plastiki kipo. Rial 30 kwa usiku, tukalala siku tano.

Dawa nazo zisikupite. Baba anakunywa za presha na sukari, zile tuliziweka kwenye begi la mkononi pamoja na barua ya daktari, zikiwa kwenye boksi zake zenye jina lake. Lakini kwenye mfuko wake wa dawa kulikuwa na tramadoli aliyopewa kwa ajili ya goti, na nchi za Ghuba ziko makali sana na dawa za maumivu kama tramadoli na zenye kodeini. Mzee wa watu angeweza kuhojiwa uwanjani kwa kidonge alichoandikiwa kihalali kabisa. Daktari wake akambadilishia wiki mbili kabla ili tuone kama mpya inamshika. Kagua mfuko wa dawa wa mzee wako mwenyewe, usimuulize una dawa gani, atakwambia ni zile zile.

Ratiba niliandika mara ya kwanza peke yangu na ilikuwa mbaya. Kila siku vitu vitatu, na siku moja nilitaka twende mpaka Nizwa, kilomita kama 150 kwenda tu. Shoga yake mama nilimweka siku ya mwisho, nikiona ndo kilele cha safari. Nikamuonyesha wifi yangu, mke wa kaka, mtu asiye na maneno mengi. Akasoma akasema, "huyu shoga mweke siku ya kwanza. Ukimweka ya mwisho wataonana walie muondoke." Nilibadilisha ratiba nzima usiku ule. Nizwa nikaitoa. Kila siku ikabaki na kitu kimoja au viwili, na Jumapili nikaiacha tupu kabisa, haina kitu.

Wazee walishuka Dar siku moja kabla maana Tanga Dar kwenye basi ni saa sita na zaidi, huwezi kumtoa mzee kwenye basi ukamuingiza kwenye ndege. Uwanjani Dar tukasaidiwa vizuri. Muscat tuliposhuka, wilichea niliyomuombea baba haikuwepo. Shirika silitaji, nilikuwa nimewapigia simu na wakaniambia ipo kwenye mfumo. Haikuwepo. Tulisimama pale mlangoni mwa ndege watu wote wanapita, baba akasema twende, na njia ile ni ndefu jamani, uwanja ule mpya umefunguliwa 2018 ni mkubwa mno, baba anatembea anasimama anajifanya anaangalia mabango. Anasoma bango la Kiarabu mpaka mwisho alafu ndo anapiga hatua. Najua hasomi Kiarabu cha matangazo, alikuwa anapumzisha goti na hataki nijue. Nikajifanya nasoma na mimi. Kwahiyo ukiomba wilichea, omba siku mbili kabla ya safari na usikubali jibu la mdomo, waambie wakutumie uthibitisho uione imeandikwa kwenye tiketi ya kwenda na ya kurudi. Wakati wa kurudi nilikuwa nayo kwenye karatasi, na ilikuja.

Nje tukapanda teksi. Madereva teksi wa kule ni Waomani wenyewe, na mi nilikuwa natafuta maneno ya Kiingereza ya kumuelekeza, yule bwana mtu mzima ana kofia yake ya kuzungusha nakshi, akamwangalia baba anavyohangaika na mlango akasema, "mzee kaa mbele hapa, huko nyuma goti litakuuma." Kiswahili cha mjini Unguja safi. Baba aligeuka kuniangalia. Njia nzima hawakunyamaza, bibi yake alizaliwa Malindi, Unguja, na aliporudi nyumbani ile siku sijui alimwambia nini mkewe, maana kesho yake alitupigia simu kuuliza kama tumepata pa kula.

Alhamisi tukaenda Sib.

Nilidhani watalia. Hawakulia. Yule mama alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya geti lake, amesikia gari akasimama kwa kushika ukuta, naye magoti hayo hayo. Mama akashuka, akamwangalia, akasema, "umenenepa." Mwenzie akasema, "na wewe umekauka." Wakaingia ndani wameshikana mikono, mimi na baba tumebaki na mabegi ya zawadi.

Sebuleni kulikuwa na tende, na pembeni sahani ya maandazi ya nazi yaliyotiwa iliki, ya pembe tatu, kama ya mama kabisa, ukubwa ule ule. Akatuletea kahawa chungu kwenye vile vikombe vidogo visivyo na mkono. Mama akamaliza akarudisha kikombe, kikajazwa. Akamaliza akarudisha, kikajazwa. Mara ya nne nikaona anaangalia kahawa kwa huruma. Shoga yake akacheka mpaka akaweka dele la kahawa chini, "tikisa kikombe wee! Usipotikisa mimi nitamimina mpaka Isha." Kumbe ndo desturi, ukitosheka unakitikisa kidogo unapokirudisha. Mama akakitikisa kikombe kile kama anafukuza kuku. Baadae shoga yake akaingia chumbani akatoka na kanga, imefifia rangi, moja tu si doti, imeandikwa wema hauozi. Wote wawili walikuwa wanajua ilinunuliwa duka gani, barabara ya ngapi, na nusu nyingine iko wapi. Iko Tanga, kwenye sanduku la chini la mama. Nimeiona maisha yangu yote, nilijua ni kitambaa tu cha kufungia vitu.

Tulikuwa tumepanga kukaa saa mbili. Tuliondoka saa nne usiku.

Ijumaa baba aliswali Jumaa kwenye Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, mimi na mama tukaswali ukumbi wa wanawake. Ukumbi ule mkubwa wa wanaume tuliuona Jumamosi asubuhi, wageni wanaruhusiwa saa mbili mpaka saa tano kila siku isipokuwa Ijumaa. Ule msikiti umefunguliwa 2001. Zulia la mle ndani ni moja, halijaungwa kwa macho yako, karibu mita 70 kwa 60, limefumwa kwa mkono na wanawake 600 wa Irani kwa miaka minne, tani 21. Baba alikuwa ameshaniambia hizi namba zote tangu Ijumaa, alisikia kwa mtu aliyekaa naye safu moja. Lakini alichotaka kuniambia hasa ni kwamba aliposujudu alikaa kidogo zaidi, akalishika kwa kiganja. "Nilitaka nijue mkono wa mtu," akasema.

Baada ya hapo tukaenda Muscat ya zamani. Ngome zile mbili tuliziona kwa nje tu, na katikati yake ikulu ya Al Alam yenye nguzo za bluu na dhahabu, na kwa mbele yake upande wa pili jumba la makumbusho ya taifa lililofunguliwa 2016. Baba alisimama na mkongojo wake anaangalia Jalali, akaanza kufundisha. Hakuna darasa, tuko mimi na mama na shoga yake na dereva. Akaeleza Wareno, akaeleza Seyyid Said alivyopendezwa na Unguja mpaka akahamishia utawala wake huko, alivyofariki 1856 akiwa baharini kutoka huku kwenda kule, watoto wakagawana, Oman huku na Unguja huku. Dereva akasema, "mwalimu, haya shuleni sikuyasikia hivi." Sijamuona baba na uso ule tangu amestaafu.

Soko la Mutrah tulienda jioni, baada ya Alasiri, jua limeshapungua, na hiyo ndo saa yake. Barabara ya baharini ni tambarare na kuna mahali pa kukaa, nikamwacha baba hapo anaangalia majahazi. Ndani ya soko mama alienda moja kwa moja kwenye ubani. Ubani wa Dhofar una daraja, ule bora ni mweupe unaopiga kijani kwa mbali, muuzaji aliweka punje mbili kwenye chetezo na mama akauvuta akafumba macho, alafu akaanza kupatana bei. Hapo nikupe angalizo la hela yao. Rial moja ina baisa 1,000, kwahiyo bei zinaandikwa na tarakimu tatu baada ya nukta. Baba aliona 1.500 akasema elfu moja na mia tano, twendeni. Ni rial moja na nusu. Lakini rial moja nayo ni zaidi ya shilingi 6,000 kwahiyo usiichukulie poa, vitu vinaonekana rahisi kwa idadi mpaka upige hesabu usiku. Mishkaki ile ya pembeni mwa barabara, na wao wanaiita hivyo hivyo mishkak, na chai ya karaki, ile nzito ya maziwa, hivyo ndo vilikuwa chakula chetu cha jioni karibu kila siku na havikutuumiza. Halua tulinunua mbili, baba akasema ya Tanga ina hiliki zaidi, mama akasema ya huku ina zafarani, wakabishana mpaka nyumbani.

Jumapili ile tupu, nilikuwa na wasiwasi nayo kidogo, nikahisi nimewapotezea siku, hela yote ile. Shoga yake mama alikuja asubuhi na sufuria ya wali na nguru, akakaa siku nzima Al Khuwair kwetu. Baba alilala mchana, aliamka akasoma gazeti la mtu. Jioni tukaenda ufukwe wa Qurum, vijana wanacheza mpira kwenye mchanga, wale wamama wawili wamekaa kwenye jamvi migongo imegusana, kila mmoja anaangalia upande wake, hawaongei. Nimepiga picha hiyo moja tu siku ile. Grupu la familia halikuandika kitu kwa muda, alafu kaka akaandika, banda la nyuma nitaezeka mimi.

Sasa yule mama anakuja. Wameshapanga wenyewe kwa voisi zao, mwezi wa kumi na mbili inshallah, wiki mbili, anataka kuiona Ngamiani na anataka kulala siku mbili tatu karibu na bahari, Raskazone au huko huko. Ana miaka 67 na magoti yake nimeshawaambia. Kwahiyo nauliza watu wa Tanga, nani anajua nyumba ya wageni ya chini, isiyo na ngazi mlangoni, bafu tambarare, na pembeni mwa choo kuna kitu cha kushika. Na tafadhali nitumieni video ya bafu.